Dola Iliyokuwa Safi Mno

Suzana Shimba alikuwa na kidole gumba kilichojulikana Mwanza nzima, na hapo siongezi chumvi. Wengine hujulikana kwa sauti, wengine kwa mwendo, wengine kwa ugomvi tu. Suzana alijulikana kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kiwanda cha kuchambua pamba, kile cha pale karibu na ziwa, kilimwajiri kwa ajili ya kidole hicho. Msimu ukianza na malori yakishusha magunia, yeye ndiye aliyezamisha mkono ndani ya gunia, akatoa bonge la pamba, akalifungua katikati, akalipapasa mara moja, kisha akatamka neno moja kati ya mawili: safi, au fifi. Safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na majani wala doa. Fifi ni ile iliyonyeshewa, iliyoliwa na wadudu, iliyochoka kabla ya wakati wake. Hakuna daraja la tatu, na Suzana hakuwa mtu wa kubembelezeka. Kuna mkulima mmoja kutoka Misungwi aliwahi kumletea jogoo ili fifi yake iitwe safi. Jogoo alirudi Misungwi siku ile ile, na pamba ikabaki fifi.

Lakini alikuwa na kasoro moja, maskini. Alikuwa mtu wa kuota mchana. Ndani ya kiwanda, msimu wa kununua, nyuzi ndogo za pamba huelea hewani kutwa nzima bila kutua, na jua la saa nne likipenya madirishani chumba kizima huonekana hakina uzito. Suzana alikuwa akisimama humo na bonge mkononi, macho wazi, na hayupo. Anawasikia wanawake wanaongea shambani huko Kwimba, anamsikia mama anamgombeza binti yake kwa kuchuma pamba pamoja na majani yake, anaisikia mvua ya mwisho ikipita juu ya mashamba na kuelekea ziwani. Kisha karani wa mizani anapaza sauti, "Mama Suzana, gunia hilo!" naye anarudi kutoka huko alikokuwa, anasema, "Safi," na hajakosea. Wenzake walishamzoea. Walisema huyu mama analala na macho wazi, ila kidole chake kiko kazini.

Mambo ya fedha alijifunza kwa Mzee Jamnadas, sonara wa Kihindi mwenye duka dogo mtaa wa nyuma ya soko. Suzana alikuwa mgeni mjini wakati huo, bibi harusi wa Venant, baharia wa meli za ziwani ambaye kati ya wiki tatu alilala nyumbani moja. Sonara anahitaji pamba taka ya kufutia, na kiwanda kina pamba taka ya kumwaga. Basi kila Jumatano Suzana alimpelekea kikapu, na Mzee Jamnadas, mchoyo wa chai lakini si mchoyo wa elimu, akamkalisha kwenye kigoda na kumfundisha kuisoma riale.

Riale ndiyo ile dola ya zamani, fedha tupu, yenye mama mnene wa Kizungu upande mmoja na ndege wa vichwa viwili upande wa pili. Ilikuja na misafara kutoka pwani enzi za mababu, ikaenea Usukuma. Nyingine ziliyeyushwa zikawa vikuku, nyingine zikazikwa vyunguni, nyingine zikavaliwa shingoni mpaka zikawa laini.

"Usiitazame kwanza," Mzee Jamnadas alimwambia. "Isikie." Akaidondosha juu ya kipande cha jiwe, nayo ikalia mlio mrefu, mwembamba, uliochelewa kufa. Ile ya bandia hulia mara moja na kunyamaza. Ukishaisikia, unapitisha ukucha ukingoni, kwa maana ya kweli ina maandishi hata ukingoni. Halafu unaishika na kutafuta kile kifungo alichobana yule mama begani. Kimezungushiwa lulu ndogo tisa. Ukizihesabu zote tisa kwa kidole, dola hiyo imelala tu maisha yake yote. Zikiwa zimeungana, imepita mikononi. Kikiwa kifungo chenyewe hakipo, basi imeishi na watu kwelikweli. Mzee Jamnadas alikuwa na madaraja saba au manane kwa Kigujarati na Kiingereza. Suzana hakuwa na nafasi ya kuyabeba yote hayo. Alitumia mawili yake. Safi. Fifi.

"Na usiisugue kamwe," Mzee aliongeza. "Ule weusi ni umri wake. Ukiuondoa ni sawa na kumvua nguo mtu mzima." Alimwonyesha pia ujanja wote wa matapeli, jinsi wanavyoikwaruza dola mpya na kuifunika pamoja na kiini cha yai lililochemshwa mpaka ipate weusi wa uongo. Alimwonyesha ili awakamate, si ili awaige.

Suzana hakumwambia mzee yule kwamba riale aliifahamu tangu utotoni. Alizaliwa miezi michache baada ya bibi yake, Nyamizi, mama mzazi wa baba yake, kufariki. Mtoto alilia usiku na mchana, hanyamazi, mpaka wazee wakasema huyu ni Nyamizi anataka jina lake. Wakampa jina hilo, Suzana likaja baadaye na ubatizo, na pamoja na jina wakampa riale ambayo marehemu aliivaa maisha yake yote. Haikutobolewa, maana babu alikataza kumtoboa yule mama kichwa. Ilizungushiwa waya wa shaba ukingoni na kutiwa kamba. Suzana aliivaa mpaka alipoolewa. Alichunga nayo ndama, akalala nayo, akaoga nayo, na kila alipokuwa na mawazo, kidole gumba kilipanda chenyewe kikaenda kumpapasa yule mama shavuni na begani. Asubuhi ilikuwa baridi kifuani, mchana ilikuwa na joto lake mwenyewe. Aliamini kabisa kwamba yule mama mnene ndiye Bibi Nyamizi, na alishangaa tu kwa nini ana pua ndefu kiasi kile.

Alipoolewa akairudisha kwa baba, kama ilivyo desturi, na Mzee Shimba akaizika chunguni chini ya kile kibanda kidogo cha mizimu uani, ingoje mtoto mwingine wa jina lile. Kwa hiyo sote tujue ilikuwa wapi.

Basi, Jumanne moja ya Agosti, mwaka wa sabini na sita, msimu umechanganya na malori yamepanga foleni mpaka barabarani, Mihayo akaja kiwandani. Mihayo ni mdogo wake Suzana, balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya cha ujamaa kule upande wa Usagara, mtu mwenye mdomo wa mikutano. Huyo akisimama kuongea, hata wapinzani wake hupiga makofi kwanza na kukumbuka baadaye.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Baba anaumwa, lakini unajua hilo." Alijikohoza, akatoa leso mfukoni, akaifungua taratibu kama anafungua andazi la moto. "Nimekuletea kitu ukione."

Suzana hakuuliza. Mkono ulijiendea wenyewe. Aliidondosha dola juu ya jiwe la kuegemeza mlango, akasikia mlio ule mwembamba ukipita katikati ya kelele za mashine. Akapitisha ukucha ukingoni. Akaweka kidole begani. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Zote zipo, kali kama mbegu za mtama.

"Safi," alisema. "Tena safi kabisa. Hii haijawahi kulala shingoni mwa mtu. Umeitoa wapi?"

Mihayo alitabasamu. "Ndiyo ile ya bibi."

Suzana alicheka, jamani, alicheka mpaka karani wa mizani akageuka. "Ile ya bibi ilikuwa fifi, Mihayo. Niliifanya fifi mimi mwenyewe, kwa kidole hiki."

Hapo ndipo mwenye mdomo wa mikutano alipokaa chini, juu ya gunia la mtu, na mdomo ukamwisha. Habari aliyoitoa ilikuja vipande vipande. Mwaka wa sabini na nne, siku ya kuhamia kijiji kipya, malori yalikuja asubuhi na wakatakiwa wawe wameondoka ifikapo jioni. Yeye ni balozi. Alitakiwa awe wa mwanzo ili watu wamfuate. Baba alikuwa tayari ameshapandishwa kwenye lori pamoja na mbuzi, na kutoka juu kule alimwambia neno moja tu: chimba chungu, umchukue bibi yako. Mihayo alichimba. Udongo ulikuwa mkavu, jembe linaruka, dereva anapiga honi. Alifika kina cha kiwiko, hakuona kitu. Dereva akapiga honi tena. Mihayo akafukia shimo, akapanda lori, na baba alipouliza akajibu, "Nimechukua."

Baada ya wiki mbili alirudi kwa siri. Trekta lilikuwa limeshalima pale pote, shamba la pamba la kijiji, na alichookota ni vigae. Kwa miaka miwili kila baba alipouliza, alijibu ipo, baba, nimeifungia sandukuni.

"Na sasa?" Suzana aliuliza.

"Sasa Dorotea amejifungua." Dorotea ni mkewe. "Mtoto wa kike. Halali, hanyonyi vizuri, analia tu. Baba amesema ni Nyamizi. Jumamosi anataka kumpa jina na kumvika riale. Na wewe uje uitambue, kwa sababu wewe ndiye uliyeivaa mwisho." Aliikunja leso mara mbili. "Nadhani amenishtukia, dada. Jumapili alinishika mkono, akaniambia, 'Kama ulimwacha mama yangu kule, sema. Mtu aliyemwacha mama yangu hatanizika mimi. Nitamwita mtoto wa ndugu yangu aje anichimbie kaburi.' Alivyosema hivyo, sikuweza kusema."

Mtoto wa kiume wa kwanza, akaambiwa hatamzika baba yake! Kwa Wasukuma hilo si neno la kutupwa hivi hivi.

"Ukaenda kwa Jamnadas."

"Nikampa baiskeli."

"Baiskeli yako?"

"Nilimwambia anipe iliyo nzuri kuliko zote alizo nazo."

"We Mihayo!" Suzana alishika kichwa. "Ungeomba iliyo mbovu kuliko zote! Watu wameivaa miaka sitini, wamelala nayo, wamechunga nayo, wewe unaleta iliyotoka kiwandani juzi!"

"Nilitaka kumpa baba kitu kizuri," Mihayo alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza, na hapo ndipo alipomuudhi dadake, "Ukisema tu ndiyo yenyewe, nani atabisha? Wewe hukosei. Kila mtu anajua."

"Ndiyo maana sisemi. Miaka kumi na saba sijawahi kuita fifi safi, wala safi fifi, hata kwa jogoo. Leo nianze na baba yangu?" Alikuwa amekasirika kweli. Lakini dola ilikuwa bado mkononi, na hakuirudisha. Alimtazama mdogo wake pale juu ya gunia, na nyuzi za pamba zimeshaanza kumtulia nyweleni, akamwonea huruma, na huruma ile ikamuudhi zaidi. "Iache hapa. Nenda nyumbani. Nenda kwa miguu, maana baiskeli umeshaila."

Sasa sikiliza alichofanya. Siku ile ile, saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokaa kivulini na mihogo yao, Suzana aliteremka mpaka ziwani, kwenye mawe makubwa yale yaliyokaa majini. Alikuwa na kopo la majivu laini, fungu la pamba fifi, na ile dola. Alikaa kwenye jiwe, miguu majini, akalowanisha pamba, akaichovya kwenye majivu na mchanga mwembamba wa ufukweni, akaweka kidole gumba juu ya shavu la yule mama. Akaanza kusugua.

Mzee Jamnadas angemwona angezimia. Kila alichofundishwa kisifanyike, alikifanya. Na ajabu ni kwamba mwanzoni mkono ulikataa; ulizoea kutafuta kasoro, haukuzoea kuzitengeneza. Lakini ziwa lilikuwa linakuja na kurudi miguuni, maji ya saa saba, ya uvuguvugu, na jua limelala juu yake lote, na taratibu kidole kikakumbuka njia yake. Shavuni, chini kidogo, begani, kwenye kifungo, kurudi shavuni. Njia ile ile. Kumbe haikupotea miaka yote hiyo.

Akaanza kuondoka, kama kawaida yake. Alikuwa na miaka saba, anachunga ndama, na ndama mmoja ana doa jeupe machoni. Majani yamepanda mpaka magotini. Baba yake anapita mbali na jembe begani, anaimba wimbo wa kulimia, kijana bado, shingo nene, na akifika karibu anamwambia, "Acha kumsugua bibi yako, utammaliza." Yeye anacheka, hajaacha. Halafu ana miaka kumi na miwili na ana homa, amelazwa, dola imekuwa ya moto kifuani, na yule mama mwenye pua ndefu ametoka kwenye fedha, amekaa pembeni ya kitanda, anachambua kunde. Hasemi kitu. Anachambua tu. Suzana alitaka sana kumwuliza kama amepata nafasi nzuri ya kulala huko chini ya trekta, lakini ndotoni humo trekta lilikuwa halijaja, na swali likakosa pa kukaa.

King'ora cha kiwanda kilimrudisha. Zilikuwa zimebaki lulu sita.

Jumatano alirudi, na Alhamisi, na Ijumaa. Kila siku yule mama wa kwenye dola alizidi kulainika, na kila siku Suzana alikwenda mbali zaidi, mpaka karani wa mizani akaanza kumuuliza kama ana malaria. Hakuwa na malaria. Alikuwa na furaha, na alijionea aibu kwa furaha hiyo, maana alijua anachokitengeneza ni uongo. Ngozi ya kidole ilichubuka, akaifunga kitambaa na kuendelea. Ijumaa jioni kifungo kilikuwa kimekwisha, shavu ni laini kama sabuni iliyotumika. Akachemsha mayai mawili, akavunja viini, akaifunika dola humo mpaka asubuhi, kama matapeli. Ilipotoka ilikuwa na weusi wake. Akaizungushia waya wa shaba ukingoni, akatia kamba. Akafumba macho, akaishika. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

Jumamosi alipanda lori la kiwanda lililokuwa linakwenda kuchukua pamba, akakaa mbele na dereva, akashukia njia panda ya Usagara na kumalizia kwa miguu. Nyumba za kijiji kipya zilikuwa zimepangwa mstari kama wanafunzi, na uani kwa Mihayo baba alikuwa amelazwa kwenye ngozi ya ng'ombe, juani, amefunikwa blanketi. Alikuwa amekwisha mwili. Macho yalikuwa na ukungu, hayaoni zaidi ya mwanga. Dorotea alikaa karibu yake na mtoto, na mtoto alikuwa analia. Mihayo alisimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Unanuka pamba," Mzee Shimba alisema, akatabasamu. Alimshika Suzana mkono na hakuuachia. "Umeiona? Mihayo amekupa?"

"Ninayo hapa."

"Ni ya daraja gani?"

Hili hakulitarajia. "Fifi, baba," alisema, na lilikuwa kweli tupu.

"Ndiyo yenyewe?"

Suzana alikuwa na jibu tayari tangu Jumanne. Alikuwa amelifanyia mazoezi kwenye mawe, njiani, ndani ya lori. Ni maneno mawili tu. Alimtazama Mihayo pale mlangoni. Jasho lilikuwa linamtoka puani. "Ishike mwenyewe, baba," alisema mwisho, akaiweka dola kwenye kiganja cha mzee.

Mzee Shimba aliipima kwanza, juu chini, juu chini. Kisha kidole gumba kikapanda shavuni. Kikateremka. Kikaenda begani, kikatafuta kifungo, hakikukiona. Uso wote ukafunguka, na machozi yakatiririka kutoka kwenye yale macho yasiyoona. "Eee! Hiki ni kidole chako, wewe mtoto! Ulikuwa unaniudhi! Hapa, na hapa, na hapa!"

Mihayo akatoa pumzi. Dorotea akasema, "Asante Mungu." Suzana alilia, na hakujua analia kwa sababu gani kati ya sababu zote alizokuwa nazo.

Mzee akaigeuza dola.

Kidole gumba kikafika kwenye ndege, na kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaenda tena polepole, juu ya bawa moja, juu ya bawa la pili, juu ya mkia, unyoya kwa unyoya. Manyoya yote yalikuwapo. Na Suzana, mtu wa madaraja, mtu anayefungua bonge la pamba katikati ili aone ndani, akajua alipokosea. Siku nne alisugua upande mmoja! Upande wa ndege ulikuwa ukilala kifuani mwake utoto wake wote. Kidole chake hakikuujua, na yeye hakuwahi kuukumbuka.

"Mama yangu," Mzee Shimba alisema, "hakumgusa huyu Mzungu hata siku moja. Alimwogopa. Alisema anamkodolea macho. Alimgeuzia kifuani, akawa anasugua ndege, akikamua ng'ombe anasugua, akigombana na baba anasugua. Ndege wake hakuwa na unyoya hata mmoja."

Mtoto alilia. Kuku walipita.

"Nimeisugua mimi, baba," Suzana alisema. "Siku nne, ziwani."

"Kwa nini?"

"Ili Mihayo akuzike."

Mihayo alikuwa ameshapiga magoti, paji la uso limegusa ngozi ya ng'ombe. Aliyasema yote mwenyewe, kiwiko, honi, trekta, vigae, sanduku lisilo na kitu, na mara hii hakuna maneno ya mikutano. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaendelea kumpapasa ndege kwa kidole, mpaka Suzana akadhani amelala.

"Amebaki kule," alisema mwisho. "Basi, amebaki. Hata mimi ningebaki kama kuna mtu angeniuliza." Akanyoosha mkono. "Nipeni mtoto."

Dorotea alimlaza mtoto kifuani mwa babu yake. Mzee alihangaika na kamba, vidole havina nguvu, na hakukubali kusaidiwa. Alipomaliza kuifunga akaigeuza dola, yule mama wa Kizungu akalala kifuani, ndege akatazama juu. "Nyamizi," alimwambia yule mtoto, "upande ule shangazi yako ameshaumaliza. Huu hapa ni mzima. Anza." Mtoto hakunyamaza, nisiwadanganye, alilia hivyo hivyo, ila alikuwa ameshika waya.

"Mihayo."

"Naam, baba."

"Siku yangu ikifika utachimba wewe. Sitaki mtoto wa mtu mwingine." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Lakini usinichimbie kina cha kiwiko. Chimba mpaka chini. Na dereva akipiga honi, mwache apige."

"Ndiyo, baba," Mihayo alisema. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu haikutoka vizuri.